Theluthi ya Askari

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba tatizo la mgawanyo wa askari polisi limekwisha. Kuanzia sasa kila kata itapata askari kulingana na wingi wa wakazi wake, bila upendeleo, bila simu za pembeni, na bila kujali nani ni mjomba wa nani.

Tangazo hilo alilisoma Mkurugenzi wa Mgawanyo mwenyewe, amesimama kando ya bomba la maji kwenye uchochoro wa kata ya Chini, suti imemkaa sawasawa. Alitaka hesabu ya wakazi izinduliwe huko huko kwa watu wa kawaida. Makarani wakamhesabu yeye wa kwanza mbele ya kamera za televisheni. Akina mama waliokuwa bombani wakapiga makofi, maana maji yalikuwa yamekatika na mikono haikuwa na kazi nyingine.

Ufafanuzi wa kitaalamu ulikuwa mwepesi: mkazi ni mtu yeyote aliyekutwa mahali mchana wa siku ya kazi. Mkurugenzi aliutunga mwenyewe na aliupenda. Mchana huo wengi wa watu wa Chini walikuwa wameshapanda mlima kupika, kufua na kufungua mageti ya kata ya Juu, anakoishi Mkurugenzi. Wote wakahesabiwa huko. Kata ya Juu ikapata askari kumi na wanane na mbwa. Kata ya Chini ikapata theluthi ya askari, yaani askari mzima anayekuja siku moja katika kila tatu. Vibaka walimwamkia kwa heshima, kisha wakamsubiri aondoke.

Ili utulivu wa Juu usichafuliwe na wachuuzi, Mkurugenzi akaongeza waraka: asiye mkazi asikutwe huko jua likishazama.

"Usimwonee mtu haya," alimwambia Sajini wa doria. "Hata akikwambia anajuana na mimi."

Jumatatu moja mpishi wake aliingia sebuleni na mama yake mzazi, watoto wawili na godoro.

"Shikamoo bosi. Tumehamia."

"Mmehamia wapi?"

"Hapa. Mlango wangu wameuvunja tena. Safari hii wamebeba sufuria ikiwa jikoni, na chakula ndani. Nikaenda kwa yule askari wetu wa theluthi. Kutazama daftarini, nimeandikwa mkazi wa Juu. Akaniambia, mama, rudi kwenu, huku unatafuta nini?"

Mkurugenzi alicheka. Kisha akaacha, kwa sababu bibi kizee alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake na anaomba maji ya moto ya kukanda miguu. Akamwita Sajini.

"Watoe hawa."

"Nikiwatoa, mheshimiwa, idadi inashuka. Ikishuka, askari wanaondoka. Na mbwa."

Mkurugenzi aliogopa wezi kuliko alivyoogopa wageni. "Basi wakae," akasema.

Kufikia Ijumaa dereva, dobi na mtunza bustani nao walikuwa wamehamia na jamaa zao. Mkurugenzi aliripoti wizarani kwamba imani ya wananchi kwa kata ya Juu imeongezeka, ripoti aliyoiandika amesimama na taulo begani, akingoja dobi atoke bafuni.

Jioni hiyo Sajini alibisha hodi akiwa na mbwa. Ukaguzi wa wakazi. Mpishi yupo, bibi yupo, dobi yupo. Mke wa Mkurugenzi, ambaye siku ya hesabu alikuwa nyumbani, naye yupo.

"Na wewe, mheshimiwa, hupo."

"Sipo vipi? Hii ni nyumba yangu."

"Nyumba ni yako. Wewe ni mkazi wa Chini. Ulihesabiwa wa kwanza, hata mimi nilikuona kwenye televisheni."

"Sajini, si tunajuana?"

Sajini akashusha pumzi. "Hilo nalo uliniambia litasemwa."

Dirishani jua lilikuwa linamalizia kuzama. Mbwa alisimama. Mkewe akaja na mto na shuka. "Nenda tu, baba watoto. Huku kwenyewe pa kulala hakuna."

Mpishi alimpa ufunguo kwa mikono miwili. "Chumba cha tatu kutoka bombani. Ufunguo nakupa kwa adabu tu, bosi, mlango wenyewe haufungi. Egemeza benchi."

Mkurugenzi alitazama bondeni, kulikoanza kuingia giza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kugawa askari akaogopa kweli kweli.

"Yule askari," aliuliza, "anakuja lini?"

"Alikuja jana, bosi."