Mashine Iliyouliza Habari za Ng'ombe

Jumatatu, 12 Oktoba 1987
Ndugu Clemensi, mkuu wa mradi wetu wa kuhesabu mifugo hapa Karatu, katangaza. Ijumaa anakuja afisa kutoka Arusha, na atakayempendeza atakuwa mtunza kompyuta. Kozi ya miezi mitatu, Dar. Tupo wawili tu, mimi na Lukresia wa Rhotia. Nimeshinda tayari. Tena nilishinda tangu mwezi uliopita, nilipomwambia baba mkwe, mzee Tobiko wa Oloipiri, kwamba cheo ni changu. Jumamosi anakuja kukiona. Nikikosa, sijui nitauficha wapi uso huu.

Silaha yangu ni faili liitwalo .profile. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo kwenye orodha ya kawaida halionekani. Kila mtu ana lake. Kompyuta hulisoma mara moja, pale unapoingia, ikakutayarishia mambo yako kabla hujaandika amri hata moja. Lukresia kalipanga lake vizuri, ndiyo maana ananipita kasi. Nitalipanga langu zaidi.

Jumanne, 13 Oktoba
Leo nimeandika njia, yaani orodha ya mahali kompyuta inapotafuta programu. Nikaweka mahali pamoja tu: kwangu. Nikatoka, nikaingia. Naomba orodha ya mafaili, haijui ni kitu gani. Naomba programu ya kuandikia nirekebishe, nayo haijui. Jana ilijua vyote. Nikashuku malaria.

Lukresia kaja na kikombe chake cha chai. Kanieleza, kwa upole ulioniudhi, kwamba nimefuta njia za zamani badala ya kuongeza yangu juu yazo. Akaita programu kwa anwani yake kamili, akarekebisha, chai haijapoa. Kisha mawaidha: Kaka Moloimet, chukua nakala kwanza, na usitoke kwenye skrini moja mpaka umejaribu kuingia kwa nyingine. Nimemshukuru. Mambo ya watu waoga hayo.

Alhamisi, 15 Oktoba
Wazo! Kompyuta hii haina adabu. Mtu unaingia, inakutolea alama ya dola na kusubiri amri. Kwetu hakuna anayeanza shughuli kabla ya habari: za ng'ombe, za watoto, za mvua. Na jibu ni njema, hata kama ng'ombe walikufa jana. Mabaya husemwa baadaye, mkishakaa.

Nimeifundisha adabu. Wala si kwenye faili langu tu. Lipo la watu wote, ndani ya /etc, ghala la mafaili ya mashine yenyewe, linalosomwa kabla ya la mtu binafsi. Neno la siri la mkuu ninalo, nilipewa nitengeneze printa. Mistari kumi na miwili. Sikujaribu. Salamu nayo ni ya kujaribu?

Ijumaa, 16 Oktoba
Afisa, Ndugu Hyasinta, akaketi, akaandika jina lake. Kompyuta ikamuuliza habari za ng'ombe. Akatabasamu, akaandika kwamba hana ng'ombe. Ikauliza tena. Nikamnong'oneza aandike njema. Za watoto? Njema. Za mvua? Njema. Za ng'ombe?

Nilisahau kuiambia iache lini. Wazee wawili wakisalimiana hakuna anayewaambia basi, wanajua wenyewe. Mashine haijui. Ndugu Clemensi akajaribu kwa jina lake, akaulizwa za ng'ombe. Nikajaribu kwa langu. Nami nikaulizwa.

Lukresia alikuwa ameingia tangu jana kwenye skrini ya pili, hajatoka. Salamu huwapata wanaoingia tu. Akachapa ripoti ya mifugo aliyoitaka afisa, akaomba neno la siri kwa mkuu, akafuta mistari yangu yote. Cheo kakipata kabla ya chakula cha mchana. Nikampa mkono. Iliniuma sana.

Jumamosi, 17 Oktoba
Mzee Tobiko kafika na rungu na blanketi lake jipya. Nikamweleza yote, macho chini. Akaegemea rungu lake. Kisha akauliza kama ni kweli mashine ya serikali ilimuuliza afisa habari za ng'ombe. Nikasema ndiyo, mara kumi na moja. Akasema tangu azaliwe hajaona ofisi yenye heshima kiasi hicho, na aliyezifuta salamu zile alilelewa vibaya. Akanitemea mate ya baraka. Nilikaribia kulia.

Jumatatu, 26 Oktoba
Lukresia kaondoka kwenda Dar. Kaniomba nisiguse faili la watu wote. Nimeahidi, na sitaligusa. Nimepata jingine, linalosomwa mashine inapowashwa, kabla mtu yeyote hajaingia. Mistari ni ileile. Nimeongeza habari za mbuzi. Nakala ya nini, yote ninayo kichwani.

Nimeizima. Ndugu Clemensi anaingia na wageni wanne. Nawasha.