Ziara ya Mafunzo ya Mkurugenzi Ansbert

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa lifti. Hapo ndipo kila mtu angeliona, maana lifti ilikuwa mbovu tangu Pasaka na watu walikuwa na tabia ya kusimama pale kwanza kuhakikisha bado ni mbovu, kisha wapande ngazi. Lilisema kwamba Baraza la Ubunifu, Biashara na Utamaduni, kwa kutambua kuwa taifa haliwezi kuendelea kusubiri, linapeleka ujumbe wa watu kumi na mmoja ng'ambo kwa siku tisa, kujifunza ubunifu na utamaduni wa kufanya biashara, ili maarifa hayo yaletwe nyumbani na kumwagwa kwa wananchi wa kawaida.

Kifupi cha Baraza kilikuwa BUBU. Jambo hilo liligunduliwa baada ya nembo kuchapwa kwenye magari yote, ikaundwa kamati ya kulichunguza, na hadi leo kamati haijatamka kitu.

Hamdiya Hamood alilisoma tangazo mara mbili. Alikuwa afisa kumbukumbu wa Baraza, binti wa Ilala, miaka ishirini na saba, mwenye mkataba wa mwaka mmoja ambao ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kwenye orodha ya wajumbe alikuwepo Mkurugenzi, Bwana Ansbert. Alikuwepo msaidizi wake, na msaidizi wa msaidizi. Walikuwepo wapiga picha wawili, mtu wa itifaki, na dereva wa Mkurugenzi, ambaye huko walikokuwa wanakwenda hakuwa na gari la kuendesha ila alikuwa na utumishi wa muda mrefu. Mfanyabiashara hakuwepo hata mmoja. Mwandishi wa ripoti pia hakuwepo.

Akapanda ghorofa ya nne, akabisha hodi.

"Bosi, samahani. Ripoti ya ziara ataandika nani?"

"Wewe," alisema Mkurugenzi Ansbert, akiwa anajaribu koti zito mbele ya kioo huku jasho likimtiririka.

"Lakini mimi siendi."

"Kwani ripoti inaandikiwa kule? Ripoti inaandikiwa hapa. Kule tunajifunza. Usijali, tutakutumia picha."

Na kweli walituma. Kwa siku tisa simu ya Hamdiya ililia mpaka ikapata moto. Zilikuwa picha mia mbili na kumi na nne. Mkurugenzi mbele ya daraja. Mkurugenzi mbele ya mashine inayouza maji ya matunda. Mkurugenzi mbele ya Mkurugenzi, kwenye kioo cha duka la viatu. Chini ya kila picha aliandika neno moja: "Ubunifu." Picha ya darasani ilikuwa moja tu. Ilipigwa kutoka nyuma, na katika vichwa kumi, sita vilikuwa vimeinamia kifuani.

Waliporudi, Mkurugenzi alimwita Hamdiya kabla hata hajafungua mabegi.

"Bodi inataka ripoti Ijumaa. Kurasa arobaini. Na mkataba wako nimeuona hapa mezani, unasubiri saini yangu. Tuseme hivi, binti: hivyo vitu viwili vinasubiriana."

"Sawa, bosi. Kwa ufupi tu, mlijifunza nini?"

Mkurugenzi alilitundika koti zito nyuma ya mlango. "Tulijifunza kwamba wenzetu wako mbali sana."

"Mbali kivipi?"

"Saa kumi na moja kwa ndege."

Hamdiya alishuka ngazi akiwa na sentensi hiyo moja na kurasa arobaini za kuijaza. Hakuwa na hamu ya kula. Alivuka barabara, akaingia Kariakoo, akapita katikati ya mikokoteni na wauza soksi bila kujua anakokwenda, hadi miguu ilipomfikisha kwenye fremu moja ya duka nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, kwa mama mmoja aliyekuwa akimuuzia mama yake vitenge.

Mama huyo aliitwa Severa. Alishuka kutoka Rombo miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa na marobota mawili, na sasa aliuza vitenge vya jumla kwa wateja wa nusu ya mikoa ya nchi hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyauka hivyo? Kaa hapo. Kunywa soda."

Hamdiya akakaa, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akatazama.

Aliingia mteja kutoka Tunduru, akataka kitenge cha bluu chenye ndege. Severa hakuwa nacho. "Kaa mama, kinakuja," alisema, akapiga simu ya sekunde tano, na mteja alikuwa hajamaliza kujipepea kikaletwa kutoka duka la ng'ambo ya mtaa, kwa Mzee Hamud. Hakuna aliyesaini popote. Kisha Severa akatumbukiza pembe ya kitenge kwenye beseni la maji lililokuwa mlangoni, akaikamua mbele ya mteja. Maji yakabaki meupe. "Umeona? Yakiwa na rangi, mimi sikuuzii." Mzigo ulipofungwa, akachora samaki juu yake kwa kalamu nene.

"Samaki wa nini, mama?"

"Nina wateja watatu wanaoitwa mama Melkiori, wote wa kusini. Huyu ni samaki. Yule mwingine kikombe. Mzigo haujawahi kupotea."

"Na kile kitenge cha Mzee Hamud, hukuandika popote?"

Severa akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Niandike nini? Ananijua, namjua. Kesho yeye ataishiwa, atachukua hapa kwangu."

Hamdiya akaweka soda chini, akatoa daftari.

Alirudi siku ya pili na ya tatu. Usiulize alivyoandika, aliandika kama mtu anayefukuzwa. Duka linaloazima kwa jirani likawa "Mfumo wa Bohari Isiyo na Kuta". Beseni likawa "Maabara Shirikishi ya Uwazi kwa Mlaji". Samaki na kikombe wakawa "Utambuzi wa Shehena kwa Njia ya Picha". Hakuandika uongo hata mmoja. Aliandika tu "katika soko lililotembelewa", na hakusema limetembelewa na nani.

Mkurugenzi alisaini ripoti bila kuifungua, akasaini na mkataba. Bodi iliisoma, ikaifurahia, ikaisoma tena. Ikabidi sasa Mkurugenzi naye aisome, maana watu walikuwa wanamsimamisha kwenye ngazi kumpongeza. Aliisoma mara nne, na ilipofika wiki ya pili akaanza kukumbuka.

"Yule mama wa beseni," alimwambia Hamdiya kwa sauti ya mtu aliyeguswa. "Namwona kabisa. Theluji inaanguka, na yeye anakamua tu."

"Ndiyo, bosi," alisema Hamdiya.

Mkurugenzi angeishia hapo, kila mtu angelala salama. Lakini maarifa yalikuwa hayajamwagwa. Baraza likatoa mwongozo: wafanyabiashara wote wa vitambaa Kariakoo watahudhuria mafunzo ya lazima ya siku tatu kuhusu mifumo iliyoletwa kutoka ng'ambo. Asiyekuwa na cheti, Baraza halitampendekeza kuhuishiwa leseni.

Barua ilipofika kwa Severa, alimpigia simu Hamdiya, akamwambia maneno mawili tu: "Njoo hapa."

Safari hii hakumpa kiti.

"Nisomee hii, maana labda macho yangu yamechoka. Wanasema nitafundishwa kutumbukiza kitenge kwenye maji?"

Hamdiya akaisoma barua mpaka mwisho.

"Nitafundishwa kuazima kwa Hamud. Hamud ninayeazimana naye tangu hujaanza shule! Ulikuja hapa, nikakuona mtoto ana shida, nikakukalisha. Kumbe ulikuwa unanipiga chabo?"

"Mama, ningepoteza kazi."

"Na mimi nipoteze nini? Siku tatu nifunge, na mzigo wa Mbinga na wa Tunduru uko njiani. Nisipofunga, leseni hakuna. Niambie wewe uliyesoma, nichague lipi?"

Hamdiya akairudisha barua juu ya vitenge. Alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa fremu ile. Akaondoka, na usoni hakumtazama.

Mafunzo yalizinduliwa kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Mnazi Mmoja. Mabango yalikuwa makubwa, viti vya mbele vilivalishwa vitambaa vyeupe. Wafanyabiashara mia mbili waliletwa, kila mmoja na simu yake sikioni akiuza kwa kunong'ona. Mwenyekiti wa Bodi, Mama Evelyn, hakimu mstaafu asiyecheka bila sababu ya kisheria, alikaa katikati. Pembeni yake alikaa Bi Marit, mama mnene wa makamo aliyekuwa mwenyeji wa ujumbe kule ng'ambo. Alikuwa amealikwa kwa heshima zote ili athibitishe.

Mkurugenzi Ansbert alizungumza kwa saa moja na robo. Alipofika kwenye Maabara Shirikishi, msaidizi wake akaleta beseni, na msaidizi wa msaidizi akaleta kitenge kilichonunuliwa kwa utaratibu wa zabuni. Mkurugenzi akakitumbukiza. Maji yakawa zambarau. Akakikamua kwa nguvu, na mikono ya shati lake jeupe ikawa zambarau mpaka kwenye viwiko.

"Hicho mimi siuzi," alisema Severa kutoka safu ya tatu, na ukumbi ukacheka.

"Mnacheka kwa sababu ni kitu kigeni," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Mtakizoea. Sasa namkaribisha mwenyeji wetu aseme jinsi mfumo huu ulivyobadilisha mji wake."

Bi Marit akasimama. Alikuwa amefundisha Iringa miaka minne ujanani, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyeligundua kwa siku zote tisa, na wajumbe walikuwa wamesema mengi mbele yake.

"Ndugu zangu, hamjambo. Ripoti hii nimeisoma. Ni nzuri sana. Tatizo langu ni moja: kwetu hakuna kitu kama hicho. Kwetu mtu ananunua kitambaa kwenye simu, na jirani yake hamjui jina. Nilikuja nikitumaini Mkurugenzi ataniambia alikiona wapi, ili na mimi niende nikajifunze."

Hata wale waliokuwa wanauza wakashusha simu.

Mama Evelyn akageuza kichwa taratibu. "Mkurugenzi. Ni wapi?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ni masuala ya kiufundi. Mwandishi wa ripoti atafafanua."

Hamdiya alikuwa amesimama karibu na mlango na karatasi za mahudhurio. Mkataba wake ulikuwa na wiki tano tu tangu usainiwe. Alimtazama Severa, Severa alikuwa anatazama sakafu, kama mtu ambaye hatarajii chochote. Hamdiya akaziweka karatasi kwenye kiti. Akaanza kusema.

"Ni hapa Kariakoo, Mheshimiwa. Hatua mia nne kutoka ofisini kwetu. Mwenye beseni ni Mama Severa, yule pale. Bohari isiyo na kuta ni yeye na Mzee Hamud. Nilikaa dukani kwake siku tatu, nikaandika alichofanya, nikaondoa jina lake. Kosa ni langu."

Mzee Hamud alikuwa wa kwanza kusimama. "Basi mpeni cheti chake," alisema kwa sauti, "na sisi mtuache tukafungue maduka!"

Kelele zilipotulia, Mama Evelyn alikuwa tayari amefungua kanuni za Baraza. "Kanuni ya kumi na nne. Kiongozi anayewasilisha ripoti ya ziara sharti awe amefika eneo la ziara. Mkurugenzi, Kariakoo umewahi kufika?"

"Napita kila siku, Mheshimiwa."

"Unapita vipi?"

"Kwa gari." Akafikiri kidogo, akaona aongeze ukweli. "Vioo vikiwa juu."

Hakuna aliyeadhibiwa, kwa kuwa adhabu inahitaji kamati na kamati zote zilikuwa na kazi. Kilichofuata kilikuwa marekebisho ya kumbukumbu tu. Ripoti ilikuwa sahihi, ila ziara ndiyo ilikuwa haijafanyika. Mwongozo wa vyeti ukasitishwa, na Bodi ikaelekeza kwamba Mkurugenzi Ansbert afanye ziara ya mafunzo ya siku tisini Kariakoo. Posho ya safari hakupewa, kwa kuwa posho huanzia kilometa hamsini. Hamdiya aliandikiwa barua ya onyo, na chini ya barua hiyohiyo akateuliwa kuwa mwandishi wa ziara, safari hii akiwepo mwenyewe eneo la tukio.

Alikwenda kwa Severa kuomba kibali, na kabla ya kibali akaomba radhi. Severa alikunja vitenge viwili kabla ya kumjibu.

"Ulisema jina langu mbele ya watu," alisema hatimaye. "Kaa. Huyo mkubwa wako mlete, ila asije na mtu wa itifaki. Hapa hapana nafasi."

Mkurugenzi alifika Jumatatu na tai. Mteja wa kwanza aliuliza bei ya jora, akajibiwa awasilishe ombi na atapata majibu ndani ya siku kumi na nne za kazi. "Baba, basi langu linaondoka saa nane," alisema mteja, akaenda duka la pili. Wa pili aliombwa kitambulisho. Wa tatu aliambiwa mhusika ametoka kidogo, ingawa mhusika alikuwa amekaa pale pale na jora mapajani. Wa nne alichungulia, akaona tai, akageuza.

Hamdiya aliandika yote bila kubadilisha hata neno. Saa nne na dakika kumi, Mkurugenzi alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini mapumziko ya chai ni saa ngapi. Hamdiya akamwuliza Severa.

"Mwambie ni wateja wakiisha," alisema Severa. "Na kwa kasi anayokwenda nayo, hatasubiri sana."