Dawa Yangu Haiguswi!

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kagusa tena dawa yangu! Huyu mdogo wa mke wangu alikuja kwa wiki moja. Sasa ametimiza miezi minne. Insulini yangu hukaa rafu ya katikati ya friji. Leo nimeikuta droo ya mboga, chini ya kabichi, eti imepisha jagi la juisi yake. Juisi, katika nyumba ya mgonjwa wa sukari! Nikamkumbusha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akacheka, akasema friji ni ya dada yake. Nimefura.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya moto ni moto. Vichupa vyote vitatu nimevitia ndani ya soksi, nikavizika kwenye friza, nyuma ya barafu. Atafute! Mke kauliza soksi yangu ya pili iko wapi. Nimemwambia asinifuatefuate.

Alhamisi, 6 Machi
Imeganda kama jiwe. Nimeiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, nikajidunga. Kuna vitu vinaelea humo. Potelea mbali, dawa ni dawa.

Ijumaa, 7 Machi
Sukari imepanda vibaya! Kiu haikatiki. Chooni mara tisa. Nimechomelea geti la mteja juu chini, na mteja katukana hadi ukoo wangu. Mke kanikokota kliniki, soksi ya vichupa mkononi. Muuguzi kaishika soksi kwa vidole viwili, akasema insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka, itupwe. Ambayo haijafunguliwa ikae ndani ya friji, mbali na friza. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje wiki nne hivi, lakini isipigwe na jua wala joto. Kayasema yote mbele ya foleni nzima! Njiani mke alilia, akasema hataki kuwa mjane kwa sababu ya rafu ya friji. Hilo liliniuma. Lakini chanzo ni nani? Shemeji!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepewa vichupa vipya. Shemeji kaondoa juisi yake bila kuambiwa, kaniachia rafu nzima, na kubandika karatasi: DAWA YA SHEMEJI, MSIGUSE. Mnafiki! Huo ni mtego, na mimi si mtoto. Vichupa nimevihamishia karakana yangu ya kuchomelea, ndani ya boksi la chuma, juu kabisa, chini ya bati. Muuguzi si kasema baridi ya friza inaua dawa? Huko baridi haifiki ng'o!