Vioo vya Bedford ya Baba

Jumatatu, 8 Julai

Mvua hakuna, jua hakuna. Siku imenuna tu. Nimeamka na huzuni, nikanywa chai ya rangi, huzuni ikabaki palepale.

Nassibu, mume wa dada yangu Tunu, ametangaza tena kwamba Bedford ya marehemu baba iuzwe skrepa, uani pajengwe banda la kuku. Kuku wake tayari wanalala chini ya lori. Mmoja anatagia kwenye kiti cha dereva. Kiti cha baba! Nikasema lori halitoki. Akaniuliza lina kazi gani. Nikasema lina kazi nyingi, nikaondoka kabla hajaniomba nitaje moja.

Ukweli ni kwamba mpango ninao. Maharusi wa siku hizi wanapenda kupigwa picha na magari ya kizamani. Mimi, Mbwana, nitakuwa mtu wa kwanza hapa Ukonga kumpeleka bibi harusi ukumbini kwa Bedford. Najua watasema nini. Biashara ya barafu ilikufa kwa sababu ya umeme. Ya sabuni ilikufa kwa sababu ya sabuni. Hii ni tofauti.

Kuna na jingine ambalo Nassibu hatalisikia. Nikikaa kwenye ile kebini bado nasikia harufu ya baba. Lori likiondoka, sina tena pa kwenda kukaa naye.

Tumekubaliana Mama ndiye aamue. Yuko edani, hatoki nje, ua anauona kwa dirisha la chumbani. Amesema Jumapili magharibi tuligeuze lori limpe mgongo, tumuwashie taa za nyuma, aone, kisha atatoa neno lake. Hakusema kwa nini. Mimi nimeelewa papo hapo: anataka kujua kama bado linapendeza. Taa zenyewe zimekuwa rangi ya chai. Ziking'aa, nimeshinda!

Jumanne, 9 Julai

Nimefungua vioo vya taa za nyuma. Tunaviita vioo, ila ni plastiki. Vyekundu viwili vya breki, na kimoja cha indiketa. Indiketa ya kushoto haina kitu, balbu iko uchi.

Nje vina ukungu. Ndani ndiyo balaa: mikwaruzo mirefu, imechimba, imejaa vumbi la miaka. Mikwaruzo ya namna ile haiji yenyewe. Kuku!

Nikawaendea jikoni na ushahidi mkononi. Tunu alikuwa anakaanga, hakugeuka. Nassibu alitazama skrubu tu. "Sasa braza, kuku kaingiaje humo ndani na kumefungwa?" Swali la kitoto. Tunu akasema kaka hebu nenda kapumzike.

Jioni nimevisugua kwa dawa ya meno, kama nilivyoona kwenye simu. Dawa ilikuwa ya Tunu, na ilikuwa yote. Vioo sasa vinanukia mnanaa na ukungu haujatikisika. Tunu amepiga mswaki kwa chumvi. Hasemi na mimi.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda kwa jirani yetu Gervas, mchonga vinyago, kuazima msasa. Nikamwambia nataka ule unaokula haraka.

Akachukua kioo kimoja, akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwa ndani. Akaniuliza kama nimewahi kukiona kikiwa kimewaka. Nikamjibu taa chafu haiwashwi, inasafishwa kwanza. Akasema yeye kazi iliyopita mikononi mwa mtu mwingine haiparui mpaka ameielewa. Gervas ni mtu mwema lakini anaongea polepole mno. Nilikuwa na haraka.

Msasa wake ni wa mbao. Kioo cha kwanza, upande wa nje tu, kimekuwa cheupe chote, hakipitishi hata mwanga wa mchana. Nimekwenda kukaa kwenye kiti cha baba. Kuku aliniachia kwa shingo upande. Nikalia kidogo. Baba alikuwa na mikono ya kutengeneza vitu. Mimi nina nia tu.

Ijumaa, 12 Julai

Ushindi!

Fundi rangi wa kule barabarani amenipa siri: msasa laini wa maji, kisha rabingi, ile krimu ya kusugulia rangi, kisha polishi, kisha uvumilivu. Hivyo vitatu vya kwanza amenipa. Nimetoka swala ya Ijumaa nikakaa kivulini na kusugua mpaka alasiri, nje na ndani. Ukungu ulitoka bila shida. Mikwaruzo ya ndani ndiyo iliyonitoa jasho. Kulikuwa na mikunjo, na vinukta, vingine juu, vingine chini, na vioo vyote viwili vilifanana. Kuku wa Nassibu wana akili kuliko mwenyewe. Nimevifuta vyote, hata kile kinukta cha mwisho kilichokuwa kinang'ang'ania pembeni.

Sasa ukivishika juani unaona mstari wa mkono wako upande wa pili. Baba angefurahi. Nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Indiketa ya kushoto nimeibuni mwenyewe. Tunu ana jagi la plastiki la rangi ya chungwa. Alikuwa nalo, kwa usahihi zaidi. Nimekata kipande, nikakikunja kwenye maji ya moto, nikakibandika. Huwezi kujua.

Jumapili, 14 Julai

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Alasiri tuliligeuza lori. Vijana wa kijiwe walisukuma, Gervas akasukuma, hata Nassibu alisukuma, tena kwa nguvu kuliko wote, jambo lililoniudhi. Betri niliazima kwa fundi rangi. Magharibi ilipoingia Mama akasogeza pazia. Alikuwa amejifunga khanga nyeupe safi, na nikaona amejitayarisha kama mtu anayesubiri mgeni.

Nikapanda. Nikakanyaga breki.

Ua wote ukawa mwekundu. Wekundu safi, hauna doa! Vijana wakapiga makofi. Nikawasha na indiketa kwa mbwembwe. Kipande cha jagi kikaanza kunuka, kikalegea, kikadondoka chini taratibu, kuku wakakimbia. Tunu akalitambua jagi lake. Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Kisha Mama akauliza dirishani, "Liko wapi?"

Nikamwambia lori ndilo hili. Akasema siulizi lori, mwanangu. Akauliza tena, liko wapi jina langu.

Ikabidi Tunu aingie ndani amsikilize, kisha atoke atuambie. Mwaka waliooana, baba alichoma msumari motoni akachonga jina la Mama, Zubeda, ndani ya vioo vyote viwili. Alilichonga kwa herufi za Kiarabu, alizosoma chuoni, kwenye Kurani, utotoni, kinyumenyume, ili kwa nje lisomeke sawa. Kila alipoondoka alfajiri kupeleka mizigo Lindi, kabla ya kutoka uani alikanyaga breki bila sababu yoyote. Mama alikuwa hapo hapo dirishani. Jina likiwaka, ndiyo kwaheri yao. Safari ya mwisho, ya hospitali, alipelekwa na gari la watu. Mama hakuagwa.

Hicho tu ndicho alichotaka kukiona leo.

Nikasema nilidhani ni mikwaruzo. Mama akaniuliza ile miaka yote niliyokuwa nikiaga asubuhi kwenda chuoni nilikuwa naenda wapi. Ufukweni, lakini sikuona kama ni wakati wa kueleza.

Akasema lori lichukuliwe. Alichokuwa anakitunza hakimo tena. Akarudisha pazia. Nilibaki nimekanyaga breki mpaka betri ikaisha, kwa sababu sikujua nishuke niende wapi.

Jumatano, 17 Julai

Wamelivuta asubuhi. Lilipinda kona ya duka likiwa giza nyuma. Kabla halijaondoka Nassibu alifungua vile vioo viwili akanipa, na hakutania hata neno moja. Heri angetania.

Mama hanisemeshi, ila ananiuliza kama nimekula. Nimekuwa nikijibu ndiyo. Nimeazimia kumfurahisha, na leo mchana nimepata njia. Amelala. Pembeni ya kitanda iko redio ya baba, ile aliyokuwa akiisikiliza naye kila jioni, na sasa anailaza karibu na mto. Inasikitisha kuitazama. Kioo chake cha mbele kimefifia kabisa, na juu ya namba za stesheni mtu amekichora vialama kwa msumari, kimoja huku, viwili kule.

Kuku wameshafika mpaka chumbani!

Nimeitoa taratibu, hajaamka. Msasa laini umebaki kipande, na rabingi iko ya kutosha.