Mkopo Usiokaa Eda

Joha Himid,
International City, mtaa wa Uingereza,
Dubai.
3 Novemba, 2016

Kwa Meneja wa Mikopo ya Nyumba,
kupitia kwa Bi Agnes, dirisha namba sita.

Mheshimiwa Meneja,

YAH: MAMA YANGU KULIPISHWA PEKE YAKE NYUMBA YA WATU WAWILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Poleni na kazi. Mimi ni mwanafunzi wa miaka kumi na sita, si mteja wenu, na kwa kawaida huwa siongei na watu nisiowajua. Hata shawarma naagiza kwa kuonyesha kidole. Ndiyo maana nimeandika badala ya kuja. Nimeandika kwa Kiswahili, ingawa shuleni tunasoma kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza changu ni cha mtihani, nikikasirika kinaniacha. Bi Agnes ni mtu wa Moshi, atawasomea.

Mwaka 2012 Baba yangu, Bwana Himid, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Ras Al Khor, na Mama yangu, Bi Saleha, msimamizi wa usafi wa vyumba hotelini, walikopa kwenu wakanunua nyumba ya chumba kimoja na sebule. Mkopo ni wa miaka kumi na minane. Juni mwaka jana waliachana. Baba akarudi Tanga, mkopo ukabaki. Mama analipa peke yake mwezi wa kumi na saba sasa, na Ijumaa, ambayo ndiyo siku yake ya kupumzika, huenda Mirdif kupiga pasi nguo za familia moja ili rejesho litimie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shukrani zenu zinakwenda kwa asiyehusika. Kila Mama akilipa, kwenye simu yake huingia ujumbe: Mpendwa Bwana Himid, tunashukuru kwa malipo yako. Najua namba hiyo ya Mama aliwaandikisha Baba mwenyewe, kwa kuwa yeye alikuwa akibadilisha laini kama soksi. Lakini siku yake ya kuzaliwa mlimtakia maisha marefu, na Mama ndiye aliyezisoma dua hizo, amesimama, pasi mkononi. Agosti mkamsifu kwa kuwa mteja mwaminifu. Mama akausoma ujumbe mara mbili, akasema, "Uaminifu wake wameuona wapi hawa? Wanionyeshe na mimi."

2. Kila tarehe tatu kijana wenu hupiga simu kumuulizia Baba. Mama humjibu kwa Kiingereza cha hotelini, kile cha samahani sana bwana, kwa hiyo nadhani uchungu wake haufiki. Mwezi uliopita kijana aliuliza Baba anarudi lini. Mama akamwambia hilo amuulize mkewe. Kijana akashangaa, si yeye ndiye mkewe? Mama akasema alikuwa. Kijana akampa pole, akauliza, "Sasa madam, unalipa leo au kesho?" Naomba benki ichague. Kama mteja ni Baba, adaiwe Baba. Kama ni Mama, apewe na hizo dua za kuzaliwa.

3. Kwa kuwa nyumba ilikopewa na watu wawili, nimeigawa. Nimepima kwa futi ya kamba ya Milly, mpangaji wetu: ni mita za mraba sitini na nane, kila mtu thelathini na nne. Mama nimempa chumba cha kulala, jiko na upande wa bafu wenye sinki. Baba amepata sebule, ukumbi, kibaraza na upande wa bafu wenye choo. Upande wa Baba haumtumikii Baba, na Mama hana haja ya kuulipia. Tafadhali njooni mchukue mita zenu thelathini na nne, siku yoyote ya juma baada ya saa tisa, nikishatoka shule. Choo tutaomba ruhusa. Milly, dada wa Kiganda anayelinda ghala Al Quoz, amepanga kona ya sebule nyuma ya pazia, kwa hiyo atakuwa mpangaji wenu. Amekubali, ila anauliza kama benki itatengeneza kiyoyozi, na amesema mjue mapema kwamba yeye kodi hailipi mapema.

4. Mama alipoachwa alikaa eda miezi mitatu kama dini yetu inavyotaka. Alikwenda kazini na kurudi, basi. Hakujipamba, hakupokea posa. Hata Shafik wa duka la chini, ambaye humsalimia kila mtu kwa maneno mengi, alipunguza yakabaki mawili. Katika miezi mitatu hiyo ninyi mlimwandikia mara kumi na nne. Mkopo nao ulifungwa na watu wawili mbele ya mashahidi, wakatia sahihi, wakapewa juisi. Ndoa ilipovunjika, mkopo haukukaa eda hata siku moja. Asubuhi yake tu ulishaita. Naomba miezi mitatu ya eda ambayo hamkumpa irudishwe sasa, bila riba. Eda haina riba.

5. Kutokana na namba zote nne hapo juu, inaonekana benki imemwoa Mama yangu. Hili alilisema Milly kwanza, siku kijana wenu alipopiga simu mara mbili kabla ya chai. "Nyabo Saleha," akasema kwa heshima ya kwao, "huyu si mdai, huyu ni bwana." Tukacheka. Baadaye nikakaa nikafikiri, sikuona ulipo uongo. Mnajua siku anayolipwa mshahara. Akichelewa mnauliza yuko wapi. Hati ya nyumba mnaishika ninyi. Mna mkataba naye hadi mwaka 2030, na ameambiwa akitaka kuuvunja kabla atalipa faini. Baba hakuwahi kuwa na masharti haya.

Kama ni hivyo, fuateni utaratibu. Tumeni washenga Tanga na barua ya posa. Mjomba Nuwa yupo, atawapokea. Ni mpole ila msimharakishe. Bibi, kama mama wa bibi harusi, hadai mkaja mkubwa. Mahari tumekubaliana, mimi na Milly, iwe miaka kumi na minne iliyobaki ya mkopo. Na kama hamna nia ya kuoa, basi mwacheni, na mwacheni kama wanaume wanavyoacha. Baba aliondoka na sanduku moja. Hakuchukua kitasa, hakudai dirisha, hakurudi kuuliza nyumba inaendeleaje. Benki kubwa kama yenu haiwezi kushindwa na muuza vipuri kwa jambo jepesi kama kuondoka.

6. Hili ndilo kubwa, na hapa sitanii. Mlimwambia Mama kwamba Baba akijaza fomu ya kujitoa kwenye mkopo, deni litaandikwa upya kwa jina la Mama peke yake, litaongezwa miaka, na rejesho la mwezi litapungua. Tulipiga hesabu: likipungua, Mirdif basi. Baba akajaza fomu, akatia sahihi kwa wakili, na Aprili ikaletwa na mtu wa Tanga aliyekuja kununua injini. Mama akaitia sahihi yake siku hiyohiyo, akaifunga kwenye bahasha na kumkabidhi mtu mwaminifu anayepita mbele ya tawi lenu kila siku.

Tangu Aprili hadi leo mnasema haijafika. Mama amekuja mara nne kwa ruhusa ya kazini inayokatwa mshahara. Mara zote Bi Agnes amepekua, akasema, "Da Saleha, mdogo wangu, ingekuwa hapa ningekupa kwa mikono miwili." Mama akirudi anatayarisha nguo za kwendea Mirdif Ijumaa. Wiki iliyopita aliungua mkono kwa pasi ya mvuke, na kwa sababu madam wa Mirdif alikuwa amesimama pale, Mama ndiye aliyeomba radhi. Nauliza: karatasi haina miguu, imekwenda wapi? Uzembe huu ni wa nani? Naomba aliyehusika atafutwe, ajulikane, na aandike maelezo.

Nisalimieni mlinzi wa mlangoni, mzee wa chai, na yule dada wa kwenye mashine anayewaambia watu wasubiri zamu. Kijana wa tarehe tatu naye msalimieni, anafanya kazi yake. Milly anawasalimu. Mama angewasalimu, ila hajui kama nimeandika.

Wako katika ujenzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa,

Joha Himid

N.B. Yule mtu mwaminifu ni mimi. Fomu imeambatanishwa hapa. Haijachanika.

Nilifika kwenu siku ileile niliyokabidhiwa, nikachukua namba, 212, nikakaa. Bahasha ilikuwa haijagundishwa vizuri, nikaifungua nione imejazwaje. Ukurasa wa pili kuna sahihi ya Baba na chini yake ya Mama, na sijaona karatasi nyingine waliyotia sahihi pamoja tangu Juni ile. Namba 212 ikaitwa, sikuinuka. Nilijiambia nitaileta kesho. Mama aliponiuliza nikasema nimeifikisha, na kila aliporudi kwenu kuulizia nilimpikia chai.

Kwa hiyo namba moja hadi sita zifuteni, hamna kosa. Andikeni deni upya kwa jina lake, kama inawezekana kabla ya Ijumaa ijayo. Nyumbani nitamwambia mwenyewe leo, kabla Bi Agnes hajampigia.

Kuna jambo moja. Mahali palipoulizwa uhusiano na mkopaji mwenzake, Baba ameandika "Mke", akakata, halafu akaandika "Mama Joha". Wakubwa wakisema amekosea kujaza, Bi Agnes, waeleze kwamba kwetu huo ni uhusiano. Wasimrudishie aandike jingine.

Naomba nakala ya ukurasa wa pili. Nitakuja Jumapili, nitakaa viti vya nyuma.