Hisa za Magodoro

Makoti alikuwa mtu mzima mwenye mke, ila alilala kwenye kochi sebuleni kwa mama mkwe, na mkewe akalala chumbani na mama yake. Mambo kama hayo hayasemeki mbele za watu. Kwa hiyo asubuhi ile, aliposoma gazetini kwamba hisa za kiwanda kimoja kidogo cha magodoro zinauzwa kwa bei ya kutupa, hakuona magodoro. Aliona chumba chake mwenyewe, chenye mlango na kitasa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kampuni ni ndogo, hisa ni chache. Wakitokea wanunuzi wachache tu, bei inaruka. Wanunuzi wataletwa na mdomo wake, na mdomo, kwa neema za Mungu, hauhitaji mtaji. Akauza pikipiki. Nusu ya pesa akanunua hisa, nusu akaitia mfuko wa ndani wa koti, ya kuanzia kodi. Mwenye chumba alichokipata cha kupanga alitaka ya mwaka mzima, tena kabla ya Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Koti hilo, lililompa jina, alilivaa hata jua likichoma. Akaenda nalo kwa kinyozi.

"Mimi sijasema kitu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kiti cha mwisho. "Ila kuna hoteli kubwa inataka magodoro. Mengi."

"Mengi kiasi gani?"

"Ndugu yangu, nikikwambia nitafungwa."

Hoteli yenyewe ilijengwa palepale, juu ya ulimi wake. Kinyozi akanunua hisa. Muuza simu akanunua. Fundi viatu akanunua. Jioni, mezani, Makoti akamwinamia mama mkwe kwa heshima zote.

"Mama, weka hata kidogo. Zinapanda."

"Haya, mwanangu."

Zikapanda kweli, zikafika mara tatu ya bei aliyonunulia. Mpango ukawa kuuza Ijumaa na kuhama Jumamosi. Lakini Alhamisi, akisubiri kiatu chake kwa fundi, mteja asiyemjua alimsogelea.

"Umesikia habari za ile kampuni ya magodoro? Hoteli tatu! Na hospitali juu yake."

Makoti akashtuka. Hoteli moja aliitunga yeye. Hizi mbili zimetoka wapi? Na hospitali? Mtu hawezi kuzusha hospitali hivihivi! Kumbe muda wote alikuwa akisema kweli na hajui. Akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, mpaka kwa dalali wa hisa.

"Siuzi tena! Nanunua!"

"Bahati yako," dalali alisema. "Kuna mtu tangu jana anauza zake. Anavuna faida."

"Mjinga huyo," Makoti akacheka, akatoa ile pesa ya kodi. "Nipe mpaka hii iishe."

Ijumaa kinyozi naye akavuna. Muuza simu akaona kinyozi ametoka, akatoka. Fundi viatu akafuata. Kila mtu alitaka kuuza, na mnunuzi wa mwisho mjini alikuwa ameshanunua jana yake, amevaa koti. Bei ikaporomoka hadi ilikotoka, ikapitiliza. Kiwanda hakikukosea kitu. Kiliendelea kushona magodoro yake bila habari.

Chumba kikachukuliwa na mwingine. Makoti akarudi kwenye kochi, na usiku huo alilia kweli, uso ndani ya mto.

Mwezi haujaisha, mafundi wakamwaga matofali nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Kikasimama chumba kizuri, chenye mlango na kitasa.

"Mama, pesa umetoa wapi?"

"Si zile hisa, mwanangu? Ulisema zinapanda. Zikapanda, mimi nikashuka. Kwani nilikuwa naenda nazo wapi?"

Makoti akakaa juu ya tofali. "Uliuza lini?"

"Nyingine Jumatano, zilizobaki Alhamisi. Dalali aliniambia kuna mtu amekuja mbio na kiatu kimoja, akazizoa."

Mkewe akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mama mkwe akamtia ufunguo mkononi, kwa huruma ya kweli, maana alimpenda. "Ingieni mkae. Godoro nimeshanunua, la kiwanda kilekile, zuri sana. Kodi kila tarehe mosi."

"Sawa, mama."

"Pesa taslimu, mwanangu. Hisa sipokei."