Zamu ya Sauna ya Jumamosi

Jumatatu, 11 Machi

Baridi kali, pua imekufa ganzi. Roho safi lakini. Mwaka huu zamu ni yangu!

Niandike vizuri, ili wajukuu waje wajue babu yao alipigania nini. Sauna ya kijiji, chumba cha kuoga kwa mvuke, ni moja tu, pale ufukweni mwa ziwa, na kila nyumba ina siku yake. Sisi tuna Jumanne. Nani anaoga Jumanne? Mtu aliyeshindwa na maisha. Jumamosi jioni, mawe yakiwa yamekolea moto tangu mchana, ni ya yule anayeshinda mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu. Mwaka mzima! Na kila mwaka anashinda Lahja Turunen, mwalimu mstaafu, tena huku anafuma soksi. Anafuma! Sisi tunaganda, yeye anahesabu vitanzi.

Rafiki yangu Oiva naye ni wa Jumanne, tunaoga pamoja. Tumeahidiana kwamba akishinda mmoja, tunahamia Jumamosi wote wawili. Mashindano ni Jumapili hii.

Jumatano, 13 Machi

Mpango umeanza. Nimechukua keekee, nimetoboa tundu langu la siri kwenye barafu, mbali kabisa, nyuma ya kisiwa. Nikamwaga humo uji wa mke wangu Helvi, makombo ya mkate mweusi na funza wa kutosha. Samaki wazoee kula pale. Jumapili nawakuta mezani.

Helvi akauliza uji uko wapi. Nikasema nimekula. Akauliza, sufuria nzima? Nikasema baridi inaleta njaa. Mke wangu ana huruma: akapika mwingine, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza. Tumbo ndi! Naandika nikiwa nimelala chali.

Oiva sijamwambia kitu. Nampenda, lakini mdomo wake hauna breki. Mnong'oneze jambo asubuhi, mchana mwenye duka anakupa pole. Kwa hiyo nimemwambia sehemu yetu ni pale kwenye matete, karibu na gati, mahali ambapo hata kiiski, yule samaki wa miiba anayekataliwa na paka, hapiti. Oiva akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru. Nilijisikia vibaya. Kidogo.

Ijumaa, 15 Machi

Theluji imeanguka usiku kucha. Tundu halionekani! Ziwa jeupe, kisiwa cheupe, mimi katikati nazunguka na kutukana. Mwishowe nililipata kwa mguu wa kushoto. Kiatu kimejaa maji na uji.

Kosa hili halirudiwi. Nimekata matawi ya msonobari, nikayachomeka kwenye theluji moja baada ya jingine, toka ufukweni hadi tunduni. Yamenyooka, yanapendeza. Ianguke theluji, ushuke ukungu, mimi nafuata matawi yangu tu. Wengine wamepewa nguvu, mimi nimepewa kichwa.

Jumamosi, 16 Machi

Balaa! Nimechungulia dirishani, naona watu wanateleza ziwani juu ya mbao za ski. Mstari mmoja. Wanafuata matawi yangu!

Hapa kwetu hata mtoto anayenyonya anajua: matawi yakichomekwa juu ya barafu, maana yake njia ya ski imefunguliwa, barafu imepimwa, karibuni. Mimi mtu mzima, mzaliwa wa hapa, nimesahau. Kutwa nzima kijiji kimepita. Wenye mbwa, wenye watoto mgongoni. Mwenyekiti wa kijiji alipita kwetu kunywa kahawa, akasema kuna mtu mwema amefungua njia kimya kimya bila kutafuta sifa, na watu wa namna hiyo wamebaki wachache. Helvi akasema kweli, wengine kazi yao kumaliza uji tu.

Ningeyang'oa matawi mbele ya kijiji kizima?

Jumapili, 17 Machi

Filimbi imelia. Nimemwacha Oiva kwenye matete, nikamwambia naenda kujisaidia. Akaitikia kwa kichwa. Oiva huweka funza ndani ya mdomo wa chini wasigande, hivyo siku ya mashindano hazungumzi. Amani ya ajabu.

Nikakimbia. Kwenye tundu langu, juu ya uji wangu, nani amekaa? Lahja! Akanisalimia vizuri, akasema kaja kwa njia mpya, kakuta na tundu limeshatobolewa. "Aliyelitoboa Mungu amzidishie," akasema, akavuta samaki. Nikajibu amina.

Kanuni inataka hatua kumi kati ya mvuvi na mvuvi. Nikatoboa hatua ya kumi na moja. Yeye anavuta, mimi natazama. Anafunga uzi wa soksi, anavuta tena. Kwa mbali, pembeni mwa kisiwa, nikamwona Oiva anapunga mikono yote miwili. Nikadhani baridi imemzidi. Nikampungia.

Muda ulipoisha nikarudi kumfariji. Loo! Oiva kasimama, macho yamemtoka, mdomo umefungwa kwa sababu ya funza, na miguuni rundo la samaki wa mistari, wanono! Wameingia kwenye matete lini? Nani kawaambia?

Wakapima mfuko wa Lahja. Mzito. Nikafumba macho. Wakapima wa Oiva. Umezidi kwa samaki mmoja!

Oiva akatema funza, akapiga kelele: "Jumamosi! Mzee, Jumamosi ni yetu!" Akanikumbatia hadharani. Hapa kwetu watu hawakumbatiani. Wote waliinamisha macho. Kisha akamtangazia kila mtu kwamba ni mimi niliyemwonyesha mahali pale. Machozi yalinitoka, yakaganda shavuni.

Jumamosi, 23 Machi

Sauna! Benchi la juu, kwenye joto lenyewe, mawe yanaguruma, ngozi nyekundu. Raha isiyo na jina. Lahja kahamia Jumanne, anasema kuna utulivu.

Oiva akamwagia mawe maji, akasema hajawahi kupata rafiki mkweli kama mimi. Moyo uliniuma. Nilitaka kumwambia yote. Mdomo ulishafunguka.

Halafu nikafikiri vizuri. Nani alichagua matete? Mimi. Oiva alifanya nini? Alikaa. Kwa haki, mshindi ni nani?

Kesho asubuhi, kabla hajaamka, namfuata mwenyekiti, zamu iandikwe jina langu. Oiva nitamkaribisha, sina roho mbaya. Atakaa benchi la chini.